Kadi Isiyochuja

Taa ya kijani iliwaka.

Najua mlivyonilaumu, wasomaji wangu. Juma lililopita nilimwacha Mama Pima amejibana kwenye dirisha la bima pale hospitalini, kadi ya wifi yake imepitishwa kwenye mashine, na mashine imeganda kama mtu anayetafuta uongo wa kusema. Basi leo sitawazungusha. Kadi ilikubali.

Mama Pima alishusha pumzi. Tangu mkokoteni umgonge wifi yake barabarani, bunda la sketi za shule likatawanyika hadi mtaroni, hakuwa amevuta hewa ikamfika tumboni. Alimgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mikono ameikunja, akamtikisia kichwa kwamba mambo yamekaa sawa. Mumewe hakutabasamu. Yule ni mtu wa kuamini akishashika, na aliyelala wodini kule juu ni dada yake wa tumbo moja.

"Kadi iko hai," karani alisema. "Sasa lipieni chuma cha kuunga mfupa na chumba cha upasuaji, daktari ampange."

Mama Pima alicheka kidogo, akidhani ni utani. Akamweleza karani kwa upole kwamba malipo ndiyo hiyo kadi. Hata jina lake limeandikwa juu kwa rangi ya dhahabu: Afya Kamili.

Karani alivua miwani. Si mtu mbaya, karani yule. Ni mtu aliyekwisha kusema maneno yale yale kwa watu wengi mno, hata yamekosa ladha mdomoni. Alieleza kwamba kadi hii hailipi hospitali hata senti. Humlipa mgonjwa mwenyewe kitu kidogo kwa kila siku aliyolala kitandani, tena baada ya kutoka na kupeleka vyeti. Hela ya sabuni na nauli. Upasuaji haumo, chuma hakimo, dawa ya usingizi haimo.

"Kwa hiyo hiyo taa ya kijani ni ya nini?" Mama Pima aliuliza.

"Ni ya kuonyesha kwamba kadi si ya bandia, mama."

Benchi lililia. Mumewe alikuwa amesimama.

Daktari wa mifupa alikuwa amekwisha kuwaambia asubuhi ile, kwa sauti ya chini, kwamba mfupa ni kitu kikaidi. Usipounyoosha, utaunga wenyewe hivyo hivyo ulivyopinda, na ukishaunga hauombwi radhi. Paja lililovunjika ni la mguu wa kulia. Wifi ndiye fundi wa matundu ya vifungo, na cherehani yake ni ile ya zamani ya kukanyaga. Mguu ule ndio injini. Fundi wa kukanyaga mwenye mguu uliopinda ni sawa na mkasi wa ulimi mmoja, utautundika ukutani uutazame.

Kwa wale walioingia njiani, niwaeleze haraka tumefikaje hapa.

Mama Pima ni fundi mkuu wa karakana ya sare za shule. Pale karakanani kuna desturi ya miaka mingi, kwamba hakuna kinachonunuliwa mlangoni kabla hajakipima yeye. Kitambaa kikija, hukata kipande, hukiloweka, hukianika kwenye jua kali, kisha hukivuta kwa meno. Wenzake husubiri hukumu. Akisema "haichuji", hata mwenye senti ya mwisho hufungua kibindo.

Basi alipokuja wakala wa kadi, yule waliyempachika jina la Bwana Meno kwa sababu hucheka hata akiulizwa njia ya msalani, mafundi wote walimtazama Mama Pima. Naye akafanya alichozoea. Alichukua kadi yake peke yake kwanza. Alikuwa na kikohozi, akaenda zahanati aliyoelekezwa, akasikilizwa kifua, akapewa dawa ya maji, akatoka bila kufungua pochi. Akarudi, akasimama kando ya meza ya kukatia, futi ya kupimia shingoni, akatoa hukumu.

"Nimeipima mwenyewe. Haichuji."

Karakana nzima ilichukua kadi. Wifi alikuwa wa kwanza.

Tatizo ni kwamba kitambaa ni kile kile tangu mwanzo wa jora hadi mwisho wake, na kipande kimoja kitakwambia habari za jora zima. Mama Pima hakujua kwamba duniani kuna jora ambalo mkono wa kwanza ni kitambaa, na kilichobaki ni karatasi.

* * *

Wodini, wifi yake alikuwa amefungwa mzigo wa kuvuta mguu, kamba na pande la chuma vikining'inia mwisho wa kitanda kama duka la vyuma chakavu. Alisoma uso wa Mama Pima kabla hajaambiwa kitu.

"Wifi," alisema, "ulipima pindo ukatuuzia gauni."

Alisema kwa utani, maana mawifi hawa hawajawahi kuzungumza bila kuchomana sindano. Alipoolewa Mama Pima, wifi huyu ndiye aliyempokea mlangoni akimwambia kwamba ndoa aifanye vizuri, kwa kuwa kaka yao harudishwi dukani. Lakini utani wa safari hii ulipotoka, aligeuza uso, akajifanya anatafuta mto.

Mama Pima alimwekea mto. Alijua ule utani ulikuwa na ukweli kama sindano iliyosahauliwa ndani ya pindo.

Mumewe alimbusu dada yake kwenye paji la uso, akageuka kutoka. Mlangoni alimwambia mkewe kwamba yeye aende huko anakotaka kwenda kulalamika, lakini malalamiko hayanyooshi mfupa.

"Mimi nitatafuta njia yangu," alisema, akashuka ngazi.

Hakusema njia gani. Kumbukeni neno hilo.

* * *

Ofisi ya Afya Kamili ilikuwa na viti laini, maua ya plastiki na dada wa mapokezi mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Alimkaribisha Mama Pima maji ya kunywa. Alisikiliza kila kitu, akiguna mahali pa kuguna. Kisha akamwambia kwamba hapo ofisini hawapokei malalamiko, malalamiko hupokelewa kwa simu, akampa namba.

Mama Pima alitoka kibarazani, akapiga.

Simu ikaita. Ikaita ndani ya ofisi ile ile, juu ya meza ile ile, nyuma ya mgongo wa dada yule yule. Mama Pima aliitazama kupitia kioo ikitetemeka mezani. Dada wa mapokezi alikuwa anapaka mafuta mikononi. Mwishoni sauti ya mashine ikamshukuru kwa uvumilivu wake.

Akarudi ndani. "Simu yangu inaita hapo nyuma yako, mwanangu."

Dada alimwomba radhi kwa huzuni ya kweli kabisa. Alisema ile si idara yake.

Niwaambieni, Mama Pima ni mtu wa subira. Mtu anayefumua mshono wa sketi mia na kuushona upya hawezi kukosa subira. Lakini pale alijiona kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zote na kumbe ukuta umechorwa mlango.

Akaketi kwenye kiti laini, akasema haondoki. Akakaa. Watu wakaingia na kutoka. Dada akamletea maji tena. Hatimaye meneja akajitokeza, mtu mnene wa maneno membamba, akamuuliza swali moja: je, alisoma masharti?

Mama Pima alijibu kwamba masharti yaliletwa baada ya hela kuondoka, tena kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Meneja akasema kampuni haina kosa. Kwenye karatasi hakuna mahali palipoandikwa kwamba upasuaji unalipiwa. Kama wakala aliongeza chumvi, wakala si mwajiriwa wao, ni mtu anayejitegemea. Na ile zahanati ya kikohozi? Ah, ile ni zawadi ya kumkaribisha mwanachama. Kila mwanachama hupewa mara moja.

Mara moja. Mama Pima alilirudia neno lile kimoyomoyo mpaka barabarani. Walijua. Walijua watu watajaribu kwanza, wakaweka asali kwenye ncha ya kijiko.

* * *

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki, ofisi ya kusimamia bima. Huko alikutana na afisa wa malalamiko, mama wa makamo aliyekuwa akijipepea kwa jalada, na meza yake imejaa majalada mengine ya kujipepea mwaka mzima. Huyu alimsikiliza kweli. Hakumpa maji. Alimpa kiti, akafunga mlango.

Alimwambia kwamba hakuwa wa kwanza. Wapo wauza samaki, wapo walinzi, wapo walimu. Wote wanalia kilio kimoja, na kila anapoifungua karatasi ya kampuni, anakuta wamejifunika gubigubi. Karatasi imeandikwa na mwanasheria. Uongo husemwa kwa mdomo, mlangoni kwa watu, na mdomo hauachi alama.

"Mtu akikuuzia kadi ya afya, usimuulize inalipa nini," afisa alisema. "Muulize hailipi nini, na aandike. Wengi huondoka wenyewe."

Kisha akasogeza kiti. Alisema sheria inamruhusu kuwasimamisha, hata kuwalazimisha kulipa, akipata ushahidi wa maneno waliyotumia kuuzia. Akipata mtu aliyesikia wazi ikisemwa kwamba kadi inalipa upasuaji. Au sauti iliyorekodiwa.

"Pale karakanani kwenu, nani alisema kadi ni nzuri?"

Mama Pima alifungua mdomo. Akarudi nyuma kimawazo hadi kwenye meza ya kukatia, akamtafuta Bwana Meno. Alimwona amesimama kando ya mlango, simu mkononi, meno yote nje. Alimsikia akisema, jaribuni wenyewe. Zaidi ya hapo hakumsikia akisema kitu.

Aliyesema alikuwa mwingine.

Alimwambia afisa kwamba atarudi, akatoka akipapasa ukuta kama kipofu.

* * *

Alikuwa amebakiza kona moja afike hospitalini aliposikia kipaza sauti.

Gari la matangazo lilikuwa linakuja polepole, spika mbili juu ya paa kama masikio ya punda. Muziki ulicheza kidogo, ukashuka, na sauti ya mwanamke ikatanda barabara nzima.

"Nimeipima mwenyewe. Haichuji."

Mama Pima alisimama kama aliyepigiwa msumari miguuni. Hakuna asiyeijua sauti yake mwenyewe, hata akiichukia.

Papo hapo sauti ya mwanamume ikadakia, laini, imeshonwa pale pale bila kuonekana mshono: umelazwa, umefanyiwa upasuaji, Afya Kamili imelipa yote. Muziki ukapanda. Kisha tena yeye. Nimeipima mwenyewe. Haichuji.

Kumbe siku ile simu mkononi mwa Bwana Meno ilikuwa ikirekodi. Naye Mama Pima, Mungu amsamehe, alidhani kijana anajipiga picha.

Mama wawili waliokuwa wakitembeza ndoo za plastiki walisimama kusikiliza. Mmoja alisema huyo mama anaonekana mtu mkweli. Mwingine akaanza kuuliza gari litasimama wapi.

Ushahidi alioutaka afisa ulikuwa ukipita barabarani kwa mwendo wa kobe, mchana kweupe. Na nusu yake ilikuwa sauti ya Mama Pima.

Akaingia katikati ya barabara, akasimama mbele ya gari.

Dereva alifunga breki. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka Bwana Meno, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alimwashiria dereva azime muziki. Akamshika Mama Pima kiwiko, akamsogeza ubavuni mwa gari, jirani na dirisha la dereva lililokuwa wazi. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, havikuonyesha ndani.

Alisema alikuwa akimtafuta. Alisema meneja amempigia, wamezungumza, kampuni ina moyo. Mguu wa wifi yake utalipiwa leo hii, hospitali hii hii, chuma na usingizi na yote.

Mama Pima alimtazama mdomo. Alikuwa anasubiri pindo, yaani sharti lililofichwa.

"Usipeleke malalamiko, basi," Bwana Meno alisema. "Na sauti tuendelee nayo. Sauti yako inauza, mama. Watu wanakuamini. Karatasi iko tayari garini."

Hapo simu ya Mama Pima ikaita. Ilikuwa ni wifi.

"Umeanza kazi ya kutangaza na hata kunialika hunialiki," wifi alisema. "Nakusikia mpaka huku kitandani." Kisha sauti ikapungua. Alieleza kwamba bibi wa kitanda cha jirani amesikia tangazo kupitia dirishani, na binti yake yuko hapo, amekwisha kutoa pochi, anataka namba ya wakala. Anasema mwenye sauti ile hawezi kudanganya. "Nimwambie nini, wifi?"

Mama Pima aliinua macho. Kutoka pale aliweza kuona madirisha ya wodi, mapazia yakipepea nje. Pale juu mfupa ulikuwa ukiunga vibaya, kidogo kidogo, bila kumsubiri mtu.

Alimweleza wifi yake kila kitu bila kupunguza neno. Wanataka kulipa mguu. Wanataka anyamaze.

Mama Pima alimsikia akipumua. Alisikia na pande la chuma likigonga kitanda.

"Naogopa, wifi," sauti ilisema hatimaye, ndogo kama ya mtoto. "Naupenda mguu wangu." Chuma kikagonga tena. "Si wana kipaza sauti hapo? Sema ukweli. Sema haraka, kabla sijabadili nia."

Kipaza sauti kilikuwa kimening'inizwa kwenye ndoano kando ya usukani. Mama Pima aliingiza mkono dirishani, simu bado sikioni. Bwana Meno alimrukia, lakini dereva alikuwa mwepesi zaidi. Alikiondoa kwenye ndoano, akakiweka mwenyewe kiganjani mwa Mama Pima, na kwa sauti ya chini akamnong'oneza kwamba naye alimkatia mama yake kadi ile.

Mama Pima akabonyeza kitufe.

Spika zililia juu ya paa, watu wakaziba masikio. Wauza ndoo wakageuka. Mapazia ya wodi yakafunguliwa, vichwa vikatokeza.

"Mimi ndiye niliyepima," Mama Pima alisema, na barabara yote ikamsikia, safari hii bila muziki. "Nisikilizeni, maana nilipima vibaya..."

Mlango wa nyuma wa gari, ule wa vioo vyeusi, ulifunguliwa polepole.

Aliyeshuka alikuwa na kalamu mkononi, kifuniko chake bado kimeng'atwa pembeni mwa mdomo kama afanyavyo kila anapoandika jambo la maana. Mama Pima aliijua tabia ile. Ameishi nayo ndoa nzima.

Ilikuwa njia ya mumewe.

Alikuja moja kwa moja, akamkaribia mkewe kiasi cha kugusana mabega, akakitoa kifuniko mdomoni.

"Kizime, mke wangu," alisema. "Nimeshasaini. Nimesaini kwa niaba yako kwamba hutasema kitu."

Alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mambo ya ndani ya nyumba. Lakini kidole cha Mama Pima kilikuwa bado kwenye kitufe. Spika zikayachukua maneno yale, zikayapeleka barabarani, zikayapandisha ukutani mwa hospitali, zikayaingiza wodini dirisha kwa dirisha.

Simuni, wifi aliacha kupumua.

"Wifi," alisema. "Huyo ni kaka?"